Mwiko wa Pongo na Usukani Wako

Mtaa wa Mtendeni,
Tabora.
9 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Anton,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Hujambo? Jenifa hajambo, na kachanga kenu kanaongezeka? Sisi tu wazima isipokuwa mmoja, naye ndiye aliyenishikisha kalamu. Kwenye simu unanikatisha na "sawa shangazi". Karatasi utaimaliza.

Baba yako mdogo Fikiri amevunjika mtulinga. Usishtuke, anakula na analalamika kama kawaida yake. Wiki mbili zilizopita alikuwa akirudi kutoka huko kwenu Mpanda, alfajiri, kwenye pori la Koga, pongo, yule mnyama wa porini kama swala mwenye madoa, akaruka barabarani. Fikiri akapinda usukani. Gari likaingia mtaroni, likalala ubavu. Pongo alikwenda zake mzima.

Nilimuuliza, yeye dereva mwenye uzoefu wa miaka ishirini, anapindaje usukani katika mwendo ule. Alizungukazunguka, mwisho akakiri kwamba aliogopa mwiko. Wewe nawe umelelewa nyumba ileile. Tuliambiwa pongo haliwi wala haguswi na ukoo wetu, na atakayemdhuru atatoka mabaka mwili mzima. Utacheka, lakini najua mkono wako utapinda kabla hujafikiri, na mwezi ujao unapita njia hiyohiyo na mkeo na mtoto. Naogopa, Anton. Tangu uliposema mnakuja, usingizi wangu si usingizi.

Basi nisikilize. Porini punguza mwendo, hasa kunapopambazuka na jua linapozama, maana ndipo wanapotembea. Ukimwona mmoja, jua huenda mwenzake yuko nyuma. Shusha taa, zile kali humpumbaza akasimama. Piga honi, kanyaga breki, usukani ubaki umenyooka. Akigongwa, agongwe. Ukishamgonga simama pembeni, washa taa za hazadi, toa taarifa. Usithubutu kumtia kwenye buti. Nyama ile ni ya serikali, na mwiko wa serikali una pingu. Mikanda mfunge wote.

Sikutaka kukuagiza uvunje mwiko kwa kichwa changu, kwa hiyo nilikwenda Usoke kwa bibi yako Katarina. Njia nzima nilijiandaa kubishana naye. Alinisikiliza huku akichambua mchele, kisha akasema, "Mwiko tuliwekewa ili tuishi. Nani aliwaambia mfe kwa ajili ya pongo?"

Nilipoaga akaniita tena. Aliniagiza nikuandikie kwamba ukimgonga, mabaka yote yaje kwake. Ngozi yake imeshazeeka, haina cha kuharibika. Ya mtoto wako bado mpya.

Nililia kwenye gari, sikufichi.

Fikiri anakusalimu kwa mkono mmoja. Jirani yetu Mama Najiat anamsalimu Jenifa, na ameshachagua siku yake ya kumbeba mtoto. Mungu awatangulie, nanyi mfuateni polepole.

Shangazi yako akupendaye,
Bertila