Nguo Mbili za Mapasa

Kinshasa, Jumapili mchana

Yaya Kyungu, dada yangu mkubwa,

Kabla ya lolote, pokea salamu zangu, wewe na wote mnaolala nyumba moja na Mama. Magoti yanamruhusu kwenda misa? Na wewe, kile kikohozi cha moshi wa samaki kimekwisha? Mimi ni mzima, ila usingizi wangu umejaa Kamina. Nikifumba macho kidogo tu ndani ya basi, nakuona unapanga samaki wa Kinkondja karibu na Base ya jeshi, unawatania wake za askari mpaka wananunua wasichokusudia.

Habari yangu kubwa unaijua nusu, maana simu ilikata. Nimepata kutengeneza filamu yangu mwenyewe ya kuchekesha. Nimeiandika mimi, nitaiongoza mimi, hata wa kuigharamia nimewatafuta mimi. Unakumbuka tulivyoanza? Krismasi, ukumbi wa parokia, sisi na vitenge vya Mama, tunaigiza wamama wanaomwimbia mzazi wa mapasa, pacha kama sisi, zile nyimbo za jadi za kumtukana kwa furaha. Mimi natupa tusi, wewe unalijibu, padri anajificha nyuma ya kitabu chake tusimwone anavyocheka. Kisha wewe ukaolewa, nami nikapanda treni. Lubumbashi niliandika michezo ya redio. Huku nilifika bila Lingala, kundi la kwanza likanipa kazi ya kufagia jukwaa, na watu walicheka hata nilivyoomba ufagio. Nikaanza kuandika mambo hayohayo. Polepole ufagio ukaenda kwa mwingine.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Hapa wananisifu kwa kunyamaza. Nikiwa jukwaani natupa neno, nanyamaza kidogo, na hapo ndipo ukumbi wote unapasuka kwa kicheko. Mkuu wa kundi letu huwaambia wanaojifunza, "Mtazameni Kabange, anajua kungoja." Yaya, mimi sijui kungoja hata chai ichemke. Pale huwa nasikiliza kama utanijibu.

Filamu yenyewe ni ya mapasa wawili wanaotukanana kwa mapenzi toka asubuhi mpaka jioni. Nilijaribu na mwigizaji mwingine, mwanamke hodari kweli. Lakini kila aliponijibu niliona kama nimemlaza mgeni kwenye mkeka wako, nikamrudisha kwa heshima. Mama hakuwahi kumpa mmoja wetu hata ndizi bila kumpa mwenzake, alisema atakayekosa ataugua. Bahati hii nayo siwezi kuipokea peke yangu. Fundi ameshashona nguo mbili za kitenge kimoja. Yako imetundikwa ukutani, feni ikiigusa inaanza kucheza, na mimi najikuta naongea nayo mchana kweupe.

Nilipokuomba kwenye simu uje tuigize pamoja, uliniambia, "Kabange, minyi niko muntu ya samaki. Bantu ya Kinshasa bataniangalia juu ya nini? Utafute mwingine." Mimi nilimsikia Mama nyuma yako: "Umuitike, ni weye njo mukubwa." Msikilize basi, wewe ndiye mkubwa, unikubalie. Mwanamke huyu anayekuletea barua, mke wa askari, anarudi huku kabla hatujaanza kupiga picha, na amekubali mfuatane.

Nisalimie Mama yetu, umwambie sijaacha kusali. Msalimie shemeji, mume wako, umwombe asinichukie kwa kukuita mbali. Shangazi wa Kabongo, aliyetufundisha nyimbo zile, mwambie kila tusi lake limo ndani ya filamu.

Usipokuja, Yaya, sitatafuta mwingine. Nitavaa nguo yangu, yako nitaitundika mbele ya kamera, niseme neno langu la kwanza, kisha ninyamaze. Watacheka, najua. Lakini nimechoka kuchekewa pale ninapokungoja.

Mdogo wako wa tumbo moja na siku moja,
Kabange