Daftari la Chini Kabisa

Mama yangu mpendwa,

Nimetoka zamu na nimekaa jikoni na viatu vya kazi miguuni, maana hata kuinama kuvivua naona ni kazi nyingine. Kibondo mvua imenyesha tangu mchana. Ungekuwepo ungenicheka, ungeuliza binti anayechoka kabla ya mama yake ataolewa na nani. Nimeshaolewa, mama, na aliyenioa naye amechoka.

Nakuandikia kwa sababu kesho asubuhi nampa daktari wetu mfawidhi jibu. Anataka niache kusimama mbele ya benchi siku za kliniki ya presha, nirudi chumba cha sindano. Si mtu mbaya. Ametoka mbali, hajawahi hata kulalamikia baridi yetu, na wauguzi ni wachache kweli. Kwake yeye, muuguzi anayepita akitazama watu usoni ni mtu asiye na shughuli. Aliniomba kwa upole, na mimi ilibaki kidogo tu niseme ndiyo. Nimefika pale ambapo mtu anakubali jambo ili akalale.

Unakumbuka sare yangu ya kwanza? Uliifua mara mbili kabla sijaivaa, ukaipiga pasi ya mkaa ukiwa umebana pumzi, usije ukaiunguza. Jumapili ile ulinilazimisha niivae kanisani Makere, na mimi nilikuwa mwanafunzi bado, sijui hata kufunga bendeji. Ulimwambia kila mtu kwamba sasa una nesi wako, hutaugua tena. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Siku hizi natamani ile aibu.

Lakini ulikuwa na majivuno mengine ambayo sikuyapenda. Ulijisifu kwamba umetuzaa sita na jirani hakuwahi kusikia sauti yako. Jino likikuuma ulikuwa unaongeza kupalilia. Kwetu mwanamke mzima halii mbele za watu, na ukiulizwa hali unajibu nzuri hata kama unashikilia ukuta. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe methali hiyo uliwasomea wenzako tu.

Siku ile uliamka mkono wa kushoto mzito. Hukuniambia. Ulipanda bodaboda mapema ukaenda hospitali kule Kasulu, ukafika wa kwanza, ukaweka daftari lako la matibabu juu ya meza iliyo mlangoni, ukakaa. Aliyefuata akaweka lake juu ya lako. Mwingine naye akaweka juu. Rundo likapanda. Muuguzi alipokuja akaanza kuita kutoka juu, na kila aliyechelewa akaweka la kwake hapohapo juu. Wewe uliyetangulia ukawa wa mwisho, na hukusema neno.

Jirani yako wa kanisani ndiye aliyenipigia simu, saa nne, akaniambia amekuona unaondoka umeubeba mkono mmoja kwa mwingine. Nilifika saa nane na nusu. Ulikuwa bado kwenye benchi, umeufunika mkono kwa kitenge, na mdomo umeanza kwenda upande. Nilitaka kupiga kelele. Ulinivuta kwa mkono uliobaki mzima, ukasema polepole, "Usiwagombeze. Nao ni watoto wa watu, wamechoka."

Siku tatu baadaye tulikuzika.

Ndugu zangu mpaka leo wanamlaumu yule muuguzi. Wakianza kumsema mimi huinuka nikaongeze chai. Kuna kitu sijawaambia, na ninakuambia wewe kwanza: hata sisi huku tulikuwa tunafanya hivyohivyo. Mtandao wa kuandikisha wagonjwa ukikatika tulikuwa tunarudi kwenye madaftari, na mimi nilikuwa nachukua la juu kwa sababu ndipo mkono unapoangukia. Miaka yote hiyo sikuwahi kuligeuza rundo. Waliotoka mbali zaidi, walioondoka kwao kabla hakujapambazuka, ndio niliowachelewesha kuliko wote. Nilikuwa nashangaa kwa nini wanasinzia. Mama, nina hatia, na sijui nimlipe nani.

Nilipotoka matangani nilianza na kuligeuza rundo. Nikaona haitoshi, maana mgonjwa mahututi anaweza kuja wa mwisho. Ndipo nikaanza kupita kwenye benchi kabla daktari hajafungua mlango. Ninamshika mtu mkono, ninampima, ninamuuliza ameletwa na nini na kimeanza lini, na akisema hali ni nzuri tu ninauliza tena. Waliofuata vidonge tu na presha zao zimetulia wanakwenda moja kwa moja dirisha la dawa. Walio na hali mbaya wanaingia kwanza. Zamani benchi lilikuwa na watu mpaka saa tisa. Sasa saa saba limebaki tupu, na daktari anakula chakula kikiwa cha moto, ingawa hajajiuliza kwa nini.

Usidhani wanashangilia. Wenzangu waliniuliza kama nimehamia ulinzi. Mzee mmoja alinishutumu kwamba nawapendelea watu wa kwetu Makere, na yule niliyemtanguliza alikuwa Mrundi ambaye sijawahi kumwona.

Wiki iliyopita alikuja mama kutoka Kitanga, amemsindikiza dada yake anayeishi huku. Hakuwa na daftari. Alikaa pembeni akijishika kifua kwa ndani ya khanga, jasho linamtoka na kulikuwa na baridi. Nikamuuliza, akasema yeye hajambo, wenzake wamemtangulia. Nikamwambia, "Leo utatangulia wewe, mama." Nilimwinua mwenyewe. Alilazwa, na juzi amerudi kwa dada yake akitembea. Nilipomwona anatoka getini nilikwenda chooni nikalia, kisha nikarudi kazini kwa sababu watu walikuwa wananingoja.

Kwa hiyo nimeamua. Ulitulea kwamba mkubwa akisema unaitikia "ego", ndiyo ya Kiha chetu, unainamisha macho, unakwenda kutenda. Nimewaitikia walimu, mama mkwe, na kila daktari aliyepita hapa. Kesho nitaingia ofisini nimsalimie vizuri, nimkaribishe aje asubuhi moja tu asimame nami mbele ya wale watu, halafu nitamwambia hapana. Sijui sauti yangu itatokaje, sijawahi kulisema neno hilo kwa mkubwa. Ikibidi nitalirudia.

Pumzika, mama. Mengine yote uliyonifundisha bado ninayashika. Hili la kunyamaza nimelizika pamoja nawe.

Ni mimi binti yako wa tatu,
yule aliyefika saa nane na nusu.