Mngurumo Chini ya Besi

Jumatatu, 8 Aprili
Nyuzi mpya za gitaa la besi, vidole vinawaka. Nyimbo tano tayari, bado tatu albamu iishe. Fundi wa sauti, Lusajo, anarudi Mbeya Jumamosi na mitambo yake. Tunarekodia ukumbi wa kanisa hapa Ipinda. Mvua ikinyesha bati linapiga kelele, bendi nzima tunakaa kutazamana. Leo jua. Afadhali.

Jumanne, 9 Aprili
Jua tena. Nyimbo mbili kwa mpigo! Kaka Ambwene kaimba mpaka mchungaji kaacha kufyeka majani. Wanasema huko juu Tukuyu mvua haikatiki. Shauri yao. Bati letu kimya.

Jumatano, 10 Aprili
Umebaki wa nane tu, ule Kaka aliomtungia mama yetu. Umegoma. Lusajo anasikia mngurumo kwenye hedifoni, chini kabisa. Tumebadili waya. Tumezima friji ya mchungaji. Bado. Kaka akaninyooshea kidole: besi yako hiyo, Gwakisa, kila siku nakwambia. Mbele ya watu! Nikachomoa waya, gitaa nikalilaza kwenye boksi. Mngurumo uko palepale. Nikacheka kwa nguvu ili asikie. Hakuomba radhi. Jitu zima, kiburi tu.

Lusajo alimsihi Kaka alale ukumbini, tujaribu alfajiri. Akasema kokoa yake imeanikwa uani, hawezi kuiacha. Akavuka daraja la mto Mbaka kwenda kwake. Sikumuaga.

Alhamisi, 11 Aprili
Ulikuwa mto. Mngurumo wote ule ni Mbaka unashuka na maji ya milimani. Hapa hata tone halikudondoka. Umefurika kabla hakujakucha. Daraja la miti halipo. Simu ya Kaka haipatikani. Naogopa. Napiga tena.

Ijumaa, 12 Aprili
Kwake umebaki msingi. Yeye hajaonekana. Wavuvi wametoka Matema na mitumbwi, wanatafuta mto unapoingia ziwani. Mama hajalia. Anasema Ambwene anajua maji tangu mtoto, yuko juu ya mti mahali. Wajomba walileta turubai la msiba, akawafukuza nalo. Kila mtu ananitazama mimi nimwambie. Siwezi.

Jumamosi, 13 Aprili
Wenzangu wanataka niimbe mimi ule wa nane, kabla Lusajo hajaondoka. Sauti zetu ni moja, hata kwenye simu watu hutuchanganya. Nimewatukana wote. Halafu nikawaza: albamu ya Kaka ibaki kilema kwa sababu yangu? Nikaenda.

Niliimba mara moja tu, bila kukosea. Sijui nilipata wapi pumzi. Ubeti wa mwisho mlango ukasukumwa. Mama. Peku, kitenge kimoja, amekimbia kutoka nyumbani.

"Ndaga, Kyala!" Anamshukuru Mungu, mikono juu. "Ambwene mwanangu, umekula?"

Kisha akaona ni mimi.

Lusajo akazima mitambo. Mama akakaa chini, palepale mlangoni, ndipo akalia.

Jumapili, 14 Aprili
Turubai la msiba limesimamishwa asubuhi. Mama mwenyewe kaagiza. Wageni wanaingia tangu ibada ya kwanza.

Ameniita pembeni, akanishika mkono vizuri tu. Ameniomba, kwa siku hizi, nisiongee akiwa karibu. Nimekubali kwa kichwa. Nawaonyesha watu viti kwa mkono.