Makato ya kadi

Shoga, niko chooni hotelini, nimejifungia.

Unakumbuka mume wangu alivyonikataza kulipia hoteli mtandaoni? Eti ukilipa nje ya nchi kwa kadi zetu benki inakukata, mwenzake wa kazini anayeishi huku atatulipia kwa kadi ya huku, bila makato. Nikamsifu! Mbele ya mama mkwe nikamsifu, eti mume anajua kubana matumizi!

Sasa hivi mapokezi, dada wa kaunta kaangalia kompyuta, uso ukamchanua: "Karibu tena, bwana! Mkeo ameshalipa. Chumba chenu kilekile."

Karibu TENA. Chumba CHENU. Na mimi nimesimama hapo na mabegi kama mpagazi.

Akanitazama, akamuuliza yeye: "Na huyu ni dada yako?"

Shoga. Mume wangu kajibu NDIYO.