Nyumbani Kwetu Pia

Jumatatu, Machi 3

Nyumba tisa leo, mimi na fomu zangu za afya ya jamii, kutoka mtoni hadi barabara ya Ikonge. Chanjo, vyoo, wajawazito. Halafu lile swali wanalolikwepa: kuna mtu hapa anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii? Zote tisa zimejibu hakuna. Nyumba ya sita, mtu alikuwa anaimba ndani ya stoo iliyofungwa kwa nje. Mama mwenye nyumba alinitazama tu. Sikuandika kitu. Nimerudi miguu inauma. Binti yangu Moraa hakwenda kuchuma chai. Anasema kichwa kinauma.

Alhamisi, Machi 6

Moraa hajala tangu juzi. Ana miaka kumi na tisa, alimaliza kidato cha nne, hajawahi kunisumbua. Leo ameziba masikio kwa pamba. Anasema Magokoro Bosibori, bibi kizee jirani yetu, anamsema akiwa ndani ya ukuta. Nikaweka sikio ukutani.

"Unamsikia, Mama?"

Nikasema hapana. Akalia.

Nimejua ni nini. Nilifundishwa dalili hizi, na mimi huzifundisha kina mama wa hapa. Nimejua, kisha nikatoka kwenda kukata ndizi.

Jumamosi, Machi 8

Sabato. Moraa hakwenda kanisani. Baba yake ni shemasi, kwa hiyo wazee walikuja kumwombea. Waliomba vizuri, mmoja alitokwa na machozi. Moraa alitetemeka mpaka wakaondoka. Nilimwambia Baba Moraa twende hospitali. Akasema, "Wakimwona huko, nani atamwoa?" Nilimkasirikia sana. Ila mimi mwenyewe nimewaambia majirani ni malaria.

Jumanne, Machi 11

Msimamizi wangu amepiga simu. Nijaze fomu ya nyumba yangu pia. Kwenye lile swali nimeandika: hakuna. Kwa mwandiko mzuri kabisa. Najichukia.

Ijumaa, Machi 14

Asubuhi Moraa alitoroka nikiwa jikoni. Akasimama langoni kwa Bosibori akipiga kelele, "Toka kichwani mwangu!" Waliokuwa wakienda mashambani walisikia wote. Kufikia saa nane, kwenye kituo cha kuuzia majani chai, maneno yalikuwa yameshakamilika: Bosibori ni mchawi, amemloga binti wa shemasi. Mwanamume mmoja akasema wanajua la kufanya. Huku kwetu, hakuna asiyejua maana ya hayo: anayeitwa mchawi huchomwa moto ndani ya nyumba yake.

Bosibori ndiye aliyemwosha Moraa alipozaliwa.

Nilisimama kando ya mizani. Nikasema, "Mtoto wangu anaugua akili. Ni ugonjwa, una dawa, na mimi nimeuficha. Yule mama hajamfanyia kitu. Mkimgusa, nitawataja kwa polisi mmoja mmoja."

Baba Moraa alikuwa kwenye foleni na kikapu mgongoni. Nilidhani ataondoka. Alitua kikapu, akaja kusimama karibu nami. Naibu wa chifu amefika jioni, amewaonya.

Jumatatu, Machi 17

Hospitali. Benchi lilijaa vijana, kila mmoja na mama yake au kaka yake. Wa Sironga, wa milimani, mmoja alitoka mbali huko Tabaka. Nilikuwa nadhani ni sisi tu. Daktari alimsikiliza Moraa bila kumharakisha. Akaniambia, "Mmekuja mapema, Mama. Wengi huletwa baada ya miaka." Hakujua alikuwa ananichoma. Siku nane nilijua, na nikanyamaza.

Alhamisi, Machi 20

Wanawake watatu wamekuja tangu jana, wakipitia kwenye migomba ili wasionekane barabarani. Mmoja mdogo wake huongea na redio iliyozimwa. Mwingine, mumewe. Wa tatu alikaa, akanywa chai, akasema, "Ni kama wa kwako," akashindwa kuendelea. Wote niliwahi kuwauliza lile swali. Nimewaeleza kliniki iko wapi na siku gani. Yule wa nyumba ya sita hajaja. Kesho nitaenda mimi.

Jumanne, Machi 25

Mbaya. Moraa ametema dawa. Anasema zinamfanya mzito kama gunia. Nimemfokea, kisha nikamwomba msamaha. Baba yake ndiye aliyekaa naye mpaka akameza.

Jumapili, Aprili 6

Bosibori amehamia kwa binti yake. Alipita hapa na mzigo wake bila kugeuza kichwa. Nilimfuata hadi barabarani kumwomba radhi. Akasema, "Nilimbeba huyo mtoto." Basi. Sina la kumdai.

Moraa anasema sauti bado zipo, ila sasa ziko mbali, kama watu wanaoongea ng'ambo ya mto. Mchana tulikaa nje tukimenya maharagwe. Mvua ilipoanza aliinuka mwenyewe kwenda kuanua nguo. Polepole, moja moja. Nilitaka kumsaidia. Nikakaa. Akaanua zote.