Vifungo vya Mgongoni

Kwako dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute umekaa vizuri, wewe na shemeji na watoto. Natumaini presha yako imetulia na kwamba unameza dawa bila kusukumwa. Mimi ni mzima, ukiondoa bega la kulia, na ndilo lililochelewesha barua hii, maana ni la mkono huu huu ninaoandikia.

Lilianza kama mzaha. Nilikuwa namsuka mteja saluni, nikahisi kama nimechomwa msumari. Nikadhani nimelilalia vibaya. Siku zikapita, mkono ukagoma kupanda. Nawe unajua kazi ya msusi ni kuinua mikono kutwa nzima. Nikawa nawakalisha wateja chini kwenye mkeka, na bado nasuka huku nimeuma meno. Mwishowe mwenye saluni akaniambia kwa upole nikapumzike mpaka nipone. Basi napumzika, dada, natazamana na kuta.

Daktari alinieleza kwamba bega limeganda: ule mfuko unaozunguka kiungo umevimba, kisha ukakaza. Wengi hupona, alisema, ila kwa mwendo wa kinyonga, pengine mwaka na zaidi. Alinipa dawa za maumivu, akanichoma sindano kwenye kiungo, akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye hunitambaza vidole ukutani kama mjusi. Upasuaji ni wa walioshindikana.

Mfa maji haishi kutapatapa, nami nikaenda pia kwa mzee mmoja wa tiba ya homeopathi. Alinipa vidonge vitamu, vidogo kama punje za ulezi. Lakini kabla ya vidonge aliniuliza nalala upande gani, naota nini, na nani hunisaidia kuvaa. Hapo nikajikuta nalia mbele ya mtu nisiyemjua. Nilipomsimulia daktari hakunicheka. Alisema hakuna ushahidi kwamba vidonge vile vinatibu bega, ila nikivipenda nivile, mradi nisiache mazoezi. Nimeendelea kwenda kwa yule mzee, na si kwa ajili ya vidonge. Yeye huuliza swali, kisha akasubiri jibu.

Tangu marehemu mume wangu aondoke, nilidhani nimeshazoea kuwa peke yangu. Kumbe nguo zangu karibu zote zina vifungo mgongoni. Asubuhi moja nilisimama mlangoni na gauni limeachama nyuma, nataka kwenda hospitali, sijui nimwite nani. Jirani wa mlango wa pili akanikuta, yule mwanamke mpiga chapa wa ofisi ya wakili, ambaye tunamwita Kimya kwa kuwa hajui kunyamaza. Hakuuliza kitu. Akasema tu, “Geuka, dada,” akanifunga. Tangu hapo hupita kila asubuhi akienda kazini, akinisimulia kesi za watu huku anafunga. Akishaondoka, siongei tena na mtu hadi kesho yake. Hata siku nisizo na pa kwenda, huvaa ili aje anifunge.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mkono umeanza kufunguka. Majuzi nilijaribu mwenyewe mbele ya kioo, nikafika mpaka kifungo cha juu. Nikacheka peke yangu. Halafu nikasikia hatua zake nje, nikavifungua vyote upesi, nikampa mgongo. Nimefanya hivyo siku kadhaa, dada, mtu mzima na mvi zangu.

Leo aibu imenishinda. Nimemfungulia mlango nikiwa nimevaa kamili, nikamweleza ukweli, hata wa siku zile. Alinizungusha akakagua vifungo kimoja kimoja. Kisha akasema, “Basi Jumamosi utanisuka. Taratibu tu, tukichoka tutanywa chai.” Akakimbilia kazini.

Nyumba imerudi kuwa kimya, nami nimekaa kukuandikia. Nimeshatoa chanuo langu kabatini na kuliosha, ingawa Jumamosi bado iko mbali.

Bega limeanza kulalamika, kwa hiyo niishie hapa. Msalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba wa mama.