Bafta ya Shah

Jumanne, 15 Oktoba 2024

Kosa la wengi ni kudhani mfalme wa jukwaani lazima afe kwa kelele. Mkono kifuani, macho juu, "Nakufaaa!" Hapana. Shah wetu wa Uajemi amemuua mwanawe kwa kuogopea kiti. Sasa yuko peke yake. Hasemi neno. Kitambaa cheupe cha mita ishirini kinashuka taratibu kutoka juu, kama theluji ya milima ya kwao, mpaka kinamfunika. Taa ya buluu. Basi. Miaka sita nimeibeba picha hii!

Nimenunua bafta Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi. Nyepesi, inapepea vizuri.

Jumatano, 16 Oktoba

Balaa. Bi Mauza, mama yake Sheikhan — Shah wetu — alipita ukumbini kututazama. Kitambaa kikashuka juu ya mwanawe. Akapiga ukelele. "Mwalimu Vitalis, mwanangu mzima unamvika sanda?" Akamshika mkono, jitu zima na ndevu zake, wakaondoka.

Anifa, malkia wetu, akanishangaa: "Mwalimu! Bafta si ndiyo tunayozikiwa?" Miaka arobaini niko Dar. Kwangu ilikuwa kitambaa tu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimekwenda dukani kwa Bi Mauza, Ilala. Nikaeleza theluji. Nikaeleza upweke. Nikaeleza kwamba sanaa ni mfano. Nikachora hata kwenye karatasi yake ya kufungia iliki. Saa nzima! Yeye anapima iliki tu.

"Umemaliza, Mwalimu?"

Nimemaliza.

"Mwezi wa tano nilimnunulia bafta Turki wangu. Hukuja."

Turki, kaka yake Sheikhan. Nami nikajibu nini? Kwamba kitambaa nitakitia rangi! Dhahabu, buluu, atakayo!

Mungu wangu.

Ijumaa, 18 Oktoba, asubuhi

Onyesho kesho. Sheikhan hapokei simu. Kitwana, mwigizaji mwenzao, kajaribu kucheza Shah. Anifa anasema huyo watu watamcheka mpaka walie.

Nakumbuka Mei. Sheikhan aliomba ruhusa siku tatu. Nikampa mbili. Aliporudi nikamwambia huzuni hiyo aitumie jukwaani. Akaitumia. Nikampongeza mbele ya wote!

Bila Sheikhan hakuna mchezo. Sijui hata kama naenda kwa ajili ya Turki au ya Shah. Duka linafunguliwa saa mbili.

Vitalis, leo: nenda Ilala, mpe Bi Mauza pole ya mwanawe, kisha nyamaza.